Gumzo la "Watoto wa Soni": Kaka na mashine ya kupasua kuni

Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Kaka Asheville: [Video, 0:41]

Kaka Asheville: Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Wengine habari za jioni. Oneni shoka la siku hizi

Dada Tanga: Weee! Inapasua kama mkate

Kitinda Mimba: Hilo dude linanguruma kama bodaboda iliyotolewa ekzosi 😂

Mama: Marahaba mwanangu. Mmekula?

Kaka Asheville: Tumekula Mama. Huku ndo kwanza saa nne asubuhi. Maji ya bomba yamerudi ila bado hayanyweki, tunachota ya chupa kanisani. Mwezi sasa tangu kimbunga Helene kipige huku Marekani.

Mama: Bwana asifiwe. Huo mti ndio ulioangukia gari la jirani?

Kaka Asheville: Ndio wenyewe. Mwaloni.

Mama: Uliomnasa Absalomu

Kaka Asheville: 😂😂 Huyo huyo. Kwetu imelala mitatu, kwa jirani minne. Mvua ilianza siku moja mbili kabla ya Helene kufika, udongo ukawa uji. Upepo wa tarehe 27 ulipokuja mizizi haikuwa na pa kushika, mti unalala mzima mzima na donge lake la udongo.

Dada Tanga: Na sisi huku shuleni tunahimizwa tuache kuni twende gesi. Nyie wa Marekani ndio mnarudi jikoni kwa bibi

Kaka Asheville: Umeme ulikatika wiki mbili na nusu dada. Jiko la kuni la sebuleni ndilo lililotuokoa usiku. Na Desemba inakuja.

Dada Tanga: Mashine umenunua?

Kaka Asheville: Ya kukodi. Tumechanga nyumba tatu, kesho jioni inarudi. Tani 27.

Dada Tanga: Tani 27 mmeivutaje????

Kaka Asheville: Si uzito jamani. Ni nguvu ya kusukuma. Yenyewe kilo mia mbili na ushee, ina matairi mawili, unaifunga nyuma ya gari. Injini ya petroli inaendesha pampu, pampu inasukuma oili kwenye silinda, silinda inalipeleka gogo kwenye kabari. Inakwenda taratibu tu. Ila haina kuchoka.

Mjomba: [Ujumbe wa sauti, 2:13]

Mama: Bando langu halifungui sauti. Nani ataniandikia

Kitinda Mimba: Ngoja nisikilize

Kitinda Mimba: Mmh

Kitinda Mimba: Kaka umesikiliza?

Kaka Asheville: Bado nimevaa glavu

Kitinda Mimba: Vua

Kitinda Mimba: Mama naandika alivyosema, matusi nimeruka. "Hiyo video nimeirudia mara nne. Tazameni sekunde ya 23. Baba mtu anaweka gogo, kiganja bado kiko juu ya gogo, na kijana ndiye ameshika mkono wa mashine, tena anamwangalia mama yake anayepiga picha. Mtoto wa miaka kumi na tatu umemkabidhi vidole vyako. Nimefanya kazi ya mbao miaka thelathini na moja. Niliowaona wakikatika vidole, wengi hawakukatwa na mashine waliyokuwa wanaiendesha. Walikatwa na mwenzao."

Mama: Yesu wangu

Kaka Asheville: Shikamoo Mjomba. Ilikuwa kuharakisha tu. Mmoja akiweka mwingine akivuta, kazi inakwenda mara mbili.

Mjomba: Marahaba. Mara mbili ya nini

Dada Tanga: Wifi naye yupo anachukua video tu

Wifi: Nilisema wifi!!! Nikaambiwa sijui mashine

Mama: Mjukuu wangu aingie ndani

Kaka Asheville: Mama amekua huyu, anataka kusaidia

Mama: Aingie ndani.

Kaka Asheville: Haya.

Kaka Asheville: Amehamia kwenye kupanga, ukutani kule, mbali na mashine. Amenuna.

Mjomba: Atanunua. Anayeweka gogo ndiye anayevuta mkono, basi. Wa pili abebe zilizopasuka.

Mjomba: Atanuna si atanunua. Simu hii

Kitinda Mimba: 😂😂😂

Kaka Asheville: Nimekuelewa Mjomba. Sasa nisaidie. Mwaloni unaachia vizuri. Ila kuna mti mwingine wa huku, nyuzi zimesokotana, kabari inazama hadi mwisho na gogo haligawanyiki. Linaning'inia kama nyama ya mishipa. Nikaanza kuvuta kwa mkono

Mjomba: [Ujumbe wa sauti, 1:30]

Mama: Haya mwandishi wangu

Kitinda Mimba: "Usivute kwa mkono. Rudisha silinda kwanza, nyuzi zikate kwa shoka. Gogo nene usilipige katikati. Anza pembeni, limenye kama fenesi, kiini utakikuta chenyewe. Na penye fundo, geuza: upande wenye fundo ukae nyuma, kabari iingie upande safi. Ni kama mkaratusi wetu, upasue ungali mbichi, ukishakauka shoka linakurudia usoni." Mwisho kuna kikohozi kirefu

Mama: Kifua hicho amekunywa dawa?

Mjomba: Nimekunywa

Kaka Asheville: Fenesi 😂 Nimejaribu. Kweli linaachia.

Dada Tanga: Kaka mkono wako una nini kwenye ile picha ya jana? Vipele vile

Kaka Asheville: Kuna mmea unatambaa kwenye magome, kamba yake ina nywele nywele, majani matatu matatu. Zaidi ya upupu. Nilikata bila kujua.

Dada Tanga: Choma moto

Wifi: Hapana wifi! Moshi wake unaingia mapafuni. Tumeubandua, tumeutupa mbali.

Kaka Asheville: Mpaka Krismasi hizi kuni zitatuwakia safi.

Mjomba: Hazitawaka

Kaka Asheville: Si nimeshazipasua vidogo Mjomba?

Mjomba: Chukua mbili ugonganishe. Zinasemaje

Kaka Asheville: Pu

Mjomba: Mbichi. Kavu inasema ko

Kaka Asheville: Jirani ana kipimo cha unyevu, ngoja

Kaka Asheville: 38%. Anasema inatakiwa chini ya 20. Na mwaloni anasema mwaka, hata miwili.

Mjomba: Kipimo kizuri. Kinakubaliana na mimi

Kitinda Mimba: 😂😂😂

Dada Tanga: Kwani ukichoma mbichi si inawaka tu kwa kuchelewa?

Kaka Asheville: Inafuka. Masizi yananata ndani ya bomba la moshi kama lami, siku yakishika moto yanawaka kule kule juu, nyumba ya mbao hii.

Mama: Basi mtaota nini Desemba?

Kaka Asheville: Kuna mti wa jirani ulikuwa umeshakufa umesimama kabla ya kimbunga. Nimepasua kipande, nimepima ndani: 19. Huo ndio wa mwaka huu. Mialoni ni ya mwakani.

Kaka Asheville: [Picha]

Mjomba: Safu ya chini imegusa udongo. Lazeni magogo mawili, kuni zikae juu yake. Turubai juu tu, ubavuni acha upepo upite

Kitinda Mimba: Mjomba samahani kuuliza. Kidole chako cha shahada si ulituambia kililiwa na mamba wa Mto Pangani?

Dada Tanga: Eeh! Nami niliwaambia wanangu hivyo hivyo

Mjomba: Nyie mlikuwa wadogo

Kitinda Mimba: Kwa hiyo?

Mjomba: Toroli la kuingizia gogo kwenye msumeno. Mimi nilikuwa naweka gogo. Aliyeshika mkono wa toroli alikuwa baba yenu

Dada Tanga: Baba???

Mjomba: Alidhani nimeshatoa

Kaka Asheville: Mama ulijua?

Mama: Mimi ndiye niliyefua shati lake. Hakula siku tatu. Hadithi ya mamba aliitunga mjomba wenu, ili msimwangalie baba yenu vibaya

Kitinda Mimba: 😳

Wifi: Baba watoto amezima mashine. Amekaa juu ya gogo anasoma simu.

Mjomba: Aiwashe. Si ya kukodi hiyo