Naombeni ushauri: mradi wa kujenga upya katikati ya mji, tupinge wote au tudai masharti?

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mpangaji wa fremu ya biashara kwenye eneo ambalo wanataka kubomoa majengo ya zamani waweke maghorofa, maduka makubwa na maegesho. Kikao cha kupokea maoni ya wananchi kinakaribia na kila mtu anapewa dakika chache tu za kuongea.

Sipingi maendeleo, mitaro imeziba na yale majengo mengine kweli yamechoka, ila mchoro waliobandika pale nje unaniumiza, pale anapokaa fundi viatu wamechora chemchemi ya maji na miti, yeye hayupo popote. Wenye majengo watalipwa fidia, sisi wapangaji hatujatajwa kabisa. Nimeandika barua, nimeenda ofisi ya mipango miji kuomba ripoti ya tathmini ya athari kwa jamii, nikapewa michoro tu. Wenzangu nao wamegawanyika, wengine hawataki kusikia chochote. Nimesoma habari za West End ya Boston, Marekani, mtaa mzima ulivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wengi hawakurudi tena, ndo maana nina hofu.

Sasa waliowahi kupitia hili, je tupinge mradi wote au tudai haki ya kurudi kwa kodi tunayoimudu na ujenzi uende kwa awamu? Na hayo madai yaandikwe wapi ili yawabane kisheria, isiwe ahadi ya mdomo?