Kutenganisha rangi za nembo kwa ajili ya fulana nyeusi

Swali: Wakuu, nina nembo ya nyekundu, njano na nyeupe ambayo ninataka kuichapa kwa skrini kwenye fulana nyeusi za pamba. Niandae filamu (karatasi angavu za kutengenezea skrini) ngapi, na je, kila moja iwe na rangi yake?

Jibu: Ndugu, filamu zote huchapwa kwa wino mweusi mzito, kwa sababu kazi yake ni kuzuia mwanga usiifikie dawa ya skrini, ile inayogandishwa na mwanga. Andaa tatu, na ile ya nyeupe ibebe pia maumbo ya nyekundu na njano, maana bila tabaka hilo la chini kitambaa cheusi huzifubaza rangi. Kingo za tabaka hilo zipunguzwe kidogo, chini ya milimita 1, ili weupe usichungulie pembeni.

Jibu: Naafiki. Weupe ukaushwe juujuu kabla ya rangi inayofuata, na alama za kulinganishia ili rangi zikae sawasawa, ambazo wengi huzisahau, ziwe mahali palepale kwenye kila filamu.

Muulizaji: Nashukuru. Je, kivuli kinachofifia polepole kwenye nembo nikiandaeje?

Jibu: Kigeuze kuwa nukta. Safu 45 za nukta kwa inchi huhitaji skrini yenye nyuzi zipatazo 200 kwa inchi.