Jamaa ya Kambo (bibi yetu): paspoti ya Esther

*Jumamosi, mwezi wa Aprili*

Mama Esther 18:42
Jambo jamaa. Mungu ametenda 🙏🏾 Paspoti ya Esther ya kwenda kusoma Ubelgiji imetoka, niko nayo mkononi.

Tonton Jacques 18:44
Asifiwe! Hongera sana mwanangu.

Yaya Nicole (dada mkubwa, Liège, Ubelgiji) 18:47
Aksanti Mungu!! Mama, nipigie picha ukurasa wa jina, pamoja na diplome ya Leta (ile ya serikali ya kumaliza sekondari) na cheti cha kuzaliwa. Nataka kuviona vyote vitatu.

Mama Esther 19:03
📷📷📷
Umeme haupo, nimetumia tochi.

Yaya Nicole (Liège) 19:11
Nimesoma herufi kwa herufi. Paspoti: MWAMBA KALENGA Esther. Diplome: MWAMBA KALENGA Esther. Cheti cha kuzaliwa: MUAMBA. Mama, hapo hatuwezi kupita hivi.

Mama Esther 19:13
Karani ndiye aliandika vile, mimi nilikuwa bado kitandani na mtoto. Lakini si ni jina lile lile? Kila mtu anajua.

Yaya Nicole (Liège) 19:18
Mtaa wetu wote wa Katuba unajua, mama. Mtu wa Brussels hajawahi kumwona Esther, ana karatasi tu mezani. Akikuta W huku na U kule, kwake hao ni watu wawili. Mnakumbuka mwaka ule nilioshinda nyumbani nikichota maji na kulia? Postnom yangu, lile jina la pili, ilikosa herufi moja tu. Dosie, yaani faili langu, ilirudi na mwaka ukaenda. Sikubali mdogo wangu apite mule mule.

Tonton Jacques 19:20
Tuna muda gani?

Yaya Nicole (Liège) 19:24
Ekivalansi ndiyo inayotubana. Ni ile karatasi ya Wabelgiji inayosema diplome yetu inatosha kuingia chuo chao upande wa Kifaransa. Mwisho wa kuiomba ni tarehe 15 Julai. Na cheti cha kuzaliwa kinaingia ndani ya dosie ile. Visa inakuja nyuma.

Patrick 19:27
Kuna komisionere mmoja katikati ya mji, mtu wa kushughulikia karatasi za wengine, anaomba dola 1500 anamaliza yote, na visa ndani.

Tonton Jacques 19:29
Patrick, hapana. Mtoto wa jirani yangu alilipa vile vile. Walimpa barua ya chuo yenye muhuri mzuri kabisa, kumbe ya uongo. Baba yake alikuwa ameuza kiwanja. Visa inatolewa na ubalozi, hakuna mtu wa mjini anayeitoa.

Patrick 19:31
Nimesikia tonton. Nisameheni.

Mama Esther 19:33
Na pesa? Nasikia huko mwanafunzi anafanya kazi na kujilipia masomo.

Yaya Nicole (Liège) 19:37
Sheria inamruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Zinasaidia chakula na basi, lakini hazitoshi chuo na nyumba. Mimi na shemeji yenu tutasimama kama wadhamini, karatasi za mishahara yetu tumeanza kuzikusanya. Ninyi tafuteni tiketi na koti zito. Baridi ya Juni ya Lubumbashi, ile ya kuota moto wa makaa asubuhi, hapa ni hali ya hewa nzuri.

Tonton Jacques 19:40
Tiketi niachieni mimi. Esther, sasa nijibu wewe. UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, iko hapa. Wakikuuliza kwa nini unaenda mbali, utasema nini?

Esther 19:46
Tonton, kila Oktoba kisima chetu kinakauka. Mwaka jana baba alichimba mita tatu tena, maji yakatoka mekundu na tukayanywa hivyo hivyo. Nataka kusoma jeolojia, upande wa maji ya chini ya ardhi. Liège wanayafundisha. Nikirudi nijue pa kuchimba, na maji gani mtu asimpe mtoto.

Yaya Nicole (Liège) 19:48
Andika hivyo hivyo kwenye maswali ya ubalozi. Na kisima usikiache.

Mama Esther 19:58
🎤 Sauti ya Kambo (0:41)
Naandika alivyosema, kwa wasio na megabaiti: «Jina hilo ni la mume wangu. Yeye mwenyewe aliliandika kwenye karata yake ya kazi, wakati wa Gécamines, kampuni ya migodi. Iko ndani ya sanduku langu, chini ya vitenge. Nendeni muangalie.»

Esther 20:07
📷
Nimeipata. Pembe moja imeliwa na mende, lakini jina linasomeka: Mwamba. Na W.

Tonton Jacques 20:10
Vizuri sana. Kosa la cheti linasahihishwa kwa hukumu ya tribinali (mahakama), hatuendi kumbembeleza karani afute kwa kalamu. Jumatatu saa mbili asubuhi unikute mlangoni. Leta cheti chenyewe, paspoti, diplome na karata ya kambo yako. Kopi ziwe mbili mbili.

Esther 20:11
Nitakuwa pale, tonton.

Mama Esther 20:12
Kambo anasema karata irudi kwake siku hiyo hiyo.