Jubilii ya wazee: Jim Reeves au Don Williams?

Kutoka: Mama Tumaini, Fort Worth

Habari zenu wanajumuiya. Tunaandaa jubilii ya miaka 45 ya ndoa ya wazee wetu waliokuja huku kututembelea. Ukumbi ni wa watu 120, shughuli inaanza saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Mzee anataka Jim Reeves tu. Mama naye anasema bila Don Williams yeye hachezi. Vijana watakaosimamia muziki hawawajui hawa waimbaji wawili wa kantri wa Marekani, watapakua chochote kitakachotokea mbele. Naomba mwenye ujuzi aelekeze: nani awekwe saa ngapi, nyimbo zipi, na tujihadhari na nini. Mtaje nyimbo kwa majina yake kamili tafadhali.

Kutoka: Babu Santuri, Leeds

Mama Tumaini, hongereni, na wazee wapewe shikamoo zetu.

Wote wawili ni wana wa Texas na wote wana sauti nzito, ndiyo maana asiyewazoea huwachanganya. Reeves (1923–1964) alikuwa mtangazaji wa redio kabla hajavuma, na utangazaji haukumtoka: neno linatamkwa mpaka mwisho, hakuna silabi inayomezwa. Mwanzoni aliimba juu na kwa haraka. Sikilizeni Mexican Joe ya 1953, utadhani ni mtu mwingine. Mageuzi yalikuja 1957 na Four Walls, aliposhusha sauti na kusogeza mdomo karibu kabisa na maikrofoni. Chet Atkins, aliyesimamia rekodi zake katika kampuni ya RCA kule Nashville, akaondoa fidla za kijijini, akaweka piano laini na waitikiaji wa Anita Kerr. He'll Have to Go, iliyotoka mwishoni mwa 1959, ndiyo iliyokamilisha mtindo huo.

Don Williams (1939–2017) ni wa kizazi kilichofuata. Alitokea kundi la Pozo-Seco Singers, akaanza kuimba peke yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwake utasikia gitaa la kawaida, besi, ngoma zilizozuiwa zisipige kelele, basi. Hapambi noti. Anaimba kama mtu aliyekaa nawe barazani mnaongea, na waliompa jina la Jitu Pole hawakukosea.

Huzuni ya Reeves imepigwa pasi na kufungwa tai. Ya Williams imevaa shati la kazini. Ndiyo maana Reeves huwafaa watu waliokaa kimya, kama vile kanisani, msibani au redioni Jumapili asubuhi. Williams huvumilia mazungumzo na sahani zinazogongana. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, wote wawili wanasikika neno kwa neno bila kukimbizana, na kwa maoni yangu hilo limewajengea wapenzi Afrika kuliko utamu wa sauti. Reeves alifanya ziara Afrika Kusini na kuigiza huko katika filamu ya Kimberley Jim. Williams aliimba Harare mwaka 1997, na onyesho lile likarekodiwa.

Sasa hatari yenyewe: maneno. Vijana wakitafuta "nyimbo bora za Jim Reeves" ya kwanza itakuwa He'll Have to Go, na hiyo ni ya mwanamume anayempigia simu mwanamke aliye na mwanamume mwingine. Adios Amigo ni ya mtu anayemwachia rafiki yake mpenzi. Four Walls ni ya mtu aliyefungiwa na upweke chumbani. Hizo kwenye jubilii ya ndoa ni kuchokoza. Kwa Williams, Some Broken Hearts Never Mend iachwe. Amanda ni tamu lakini ndani yake mume anasema mkewe alistahili mtu bora kuliko yeye. Mwulizeni Mzee kwanza, wengine huipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Ningepanga hivi. Wageni wakiingia: Welcome to My World na I Love You Because za Reeves. Wakati wa sala na kabla ya chakula, chukueni albamu yake ya nyimbo za dini, We Thank Thee ya 1962, pamoja na Lord, I Hope This Day Is Good ya Williams. Chakula kikianza, Reeves apumzike, aingie Williams: I Believe in You, It Must Be Love. Keki ikatwe kwa You're My Best Friend ya 1975. Hiyo haina mpinzani, mume anamshukuru mke moja kwa moja. Wakiinuka kucheza, Tulsa Time. Distant Drums ya Reeves iwekeni wazee wakiwa wamekaa. Ni ya kijana anayemwomba Mary wafunge ndoa kabla vita havijamwita, na wazee wengi wataiimba yote.

Msiweke zaidi ya nyimbo nne za Reeves mfululizo. Mwendo wake haubadiliki sana, na ukumbi utasinzia.

Kutoka: Fundi Mitambo, Minneapolis

Naongezea upande wa vyombo, maana hapo ndipo Reeves huharibiwa.

Simu au kompyuta inatoa sauti mbili, kushoto na kulia. Rekodi za Reeves za miaka ya 1960 zina sauti yake katikati, waitikiaji na ala zimetawanywa pembeni. Ukichomeka upande mmoja tu kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), nusu ya ala inapotea. Kosa baya zaidi ni kutumia waya wenye pini ya stirio ncha zote mbili, halafu ukachomeka kwenye tundu moja la mikisa lenye njia ya balansi. Tundu hilo kazi yake ni kutoa tofauti kati ya njia mbili. Kilicho sawa kushoto na kulia kinafutwa, na kilicho sawa ndiyo sauti ya Reeves! Utasikia waitikiaji wakiitikia hewa. Ukijaribu kurekebisha kwa kuiweka simu katika mono (kushoto na kulia zikitoa sauti moja), ndiyo unapata kimya kabisa.

Mnachohitaji ni waya wa Y: pini ya milimita 3.5 upande wa simu, pini mbili za mono za milimita 6.35 upande wa mikisa, kila moja kwenye chaneli yake. Ikiwa spika zote zinapokea sauti moja, hapo ndipo uwashe mono kwenye mipangilio ya usaidizi ya simu. Fanyeni jaribio kabla wageni hawajafika: wekeni wimbo wowote wa Reeves, simameni katikati ya ukumbi. Waitikiaji wakimzidi mwimbaji, waya si sahihi.

Bluetooth msiitumie. Simu ikiita, ukumbi mzima unasikia. Hata kwa waya, wekeni simu katika hali ya ndegeni na nyimbo ziwe zimepakuliwa ndani.

Sauti hizi nzito hujaa ukumbini, hasa penye sakafu ngumu na kuta tupu. Watu hukimbilia kuongeza besi wakidhani ndiyo utamu wa Reeves. Fanyeni kinyume: punguzeni desibeli 3 kati ya hezi 200 na 300, besi iacheni palepale. Spika ziwe juu ya stendi, mdomo wa spika upite vichwa vya waliosimama. Wakati wa chakula, desibeli 65 hadi 70 kwenye meza za katikati zinatosha. Wazee wasilazimike kupaza sauti.

Rekodi za zamani ziko chini kuliko za leo. Ukitoka Reeves kwenda bongo fleva bila kugusa kitu, watu wanaruka. Washeni kisawazisha sauti cha programu ya muziki, na bado mtu mmoja akae karibu na mikisa.

Kutoka: Bi. Kanda, Hamburg

Salamu wote. Babu ametaja nyimbo vizuri, ila nyimbo ni jambo moja na rekodi ni jingine.

Reeves alikufa kwa ajali ya ndege yake ndogo karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964, lakini rekodi ziliendelea kutoka miaka mingi. Distant Drums yenyewe ilifika namba moja Uingereza mwaka 1966, yeye hayupo. Nyingi za baadaye zimeongezewa ala mpya juu ya sauti ya zamani. Mzee anayekumbuka piano na waitikiaji akisikia ngoma nzito za miaka ya 1980 atasema huyu si Jim. Pia kuna "wimbo wa wawili" na mwimbaji Patsy Cline, Have You Ever Been Lonely, wa 1981. Hawakuwahi kuurekodi pamoja. Cline naye alikufa kwa ndege Machi 1963, na sauti ziliunganishwa studio. Si vibaya kuucheza, ila mshereheshaji asiwatangazie watu kwamba waliimba pamoja.

Kwa walio Ulaya: rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 hazina tena ulinzi wa rekodi huku, ndiyo maana maduka yamejaa seti za Reeves za bei ya chee kutoka kampuni ndogo ndogo. Hizo huishia 1962. Ukiitaka Distant Drums humo huipati. Sheria ya Marekani ni nyingine, kwa hiyo Mama Tumaini asiige. Na haki za mtunzi zinabaki palepale: hapa Ujerumani shughuli ya hadhara hulipiwa GEMA, shirika linalokusanya malipo ya watunzi, hata kama santuri ni kuukuu. Huko kwenu mwulizeni mwenye ukumbi kama leseni yake ya muziki inatosha.

Kwa Williams, angalieni neno "live" (rekodi ya jukwaani) na urefu wa wimbo kabla ya kupakua. Makofi katikati ya sala hayapendezi.

Kutoka: Mwalimu wa Kwaya, Toronto

Kama kuna kijana atakayewaimbia wazee papo kwa papo, asimwige Reeves kwa kina. Wengi huanza chini mno, wakifika mwisho wa mstari unaoteremka sauti inakwisha na wanabaki wanapumua tu. Pandisheni nusu-toni mbili au tatu: mpiga gitaa aweke kapo (kibano cha nyuzi) kibao cha pili au cha tatu, vidole vibaki palepale. Maikrofoni iwe sentimita 5 kutoka mdomoni, sauti iwe ndogo. Ukaribu wenyewe unaongeza uzito, ndivyo maikrofoni hizi zilivyoundwa. Uzito ukizidi, bonyezeni kitufe cha kukata besi kwenye chaneli hiyo.

Waitikiaji wawe wanne tu, mmoja kwa kila sauti, waseme "uu" midomo ikiwa karibu kufungwa. Kwaya nzima ya watu kumi na tano ikiitikia, huo si Reeves tena, ni pasaka.

Williams anaonekana rahisi na ndiye anayewaumbua watu. Wimbo hauna pa kujificha. Waimbaji wetu huanza kuweka madoido ya kanisani mwisho wa kila mstari, au huuburuza mwendo wakidhani pole ni polepole. Mpiga ngoma agonge ukingo wa ngoma kwa ubavu wa fimbo, asipige katikati. Tulsa Time ina kordi mbili tu, mpeni hata anayejifunza.

Kutoka: Jirani, Dallas

Mama Tumaini, wazee wakiwa na nguvu siku ya pili, kaburi la Reeves liko Carthage, mashariki ya Texas, kando ya barabara ya US 79 nje kidogo ya mji, na sanamu yake imesimama hapo. Kutoka Fort Worth shikeni I-20 kuelekea mashariki hadi Longview, kisha barabara ya 149 kushuka Carthage. Ni mwendo wa saa tatu na zaidi kidogo. Mjini humo pia kuna jumba la heshima la muziki wa kantri wa Texas; pigeni simu kwanza kujua siku wanazofungua.

Floydada alikozaliwa Williams iko upande mwingine kabisa, kaskazini-magharibi karibu na Lubbock. Hamuwezi kuunganisha siku moja, kwa hiyo Mama apewe kuchagua nyimbo za garini, kwenda na kurudi.