Nitajifunzaje kunyanyua chuma kwa usahihi nikiwa sina mwalimu?

Karani wa Morogoro ameuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Nina umri wa miaka 33, kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa nzima, na kwa muda wa miezi mitano sasa nimekuwa nikifanya mazoezi ya vyuma kwenye ua mmoja wa mtaani. Vyuma vyetu ni vya kujitengenezea: bomba la chuma ambalo kila upande limezamishwa kwenye kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege. Hakuna mwalimu. Nimejifunza kwa kuwatazama waliotangulia na kwa kuangalia video fupi kwenye simu.

Zoezi linalonisumbua ni lile la kuinua chuma kutoka ardhini mpaka kusimama wima. Kila ninapolifanya, kiuno huniuma kwa siku mbili, nikaambiwa na mwenzetu mmoja kwamba maumivu hayo ndiyo dalili ya nguvu kuingia na kwamba niongeze uzito. Video nazo zinapingana, kwani moja inasema nishuke chini kama mtu anayekaa kwenye kigoda, nyingine inasema nyonga zibaki juu. Ninyi mlijifunzaje? Je, mtu anaweza kuipata mbinu sahihi peke yake?

Mkufunzi wa Pwani amejibu:

Ndugu, nimefundisha vijana kunyanyua vyuma kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba usiongeze uzito. Misuli ya mapaja na makalio kuchoka baada ya mazoezi ni kawaida. Kiuno kinachouma kwa siku mbili kila mara, tena mahali palepale, kinakuambia kwamba mzigo uliopaswa kubebwa na nyonga na miguu umebebwa na mgongo uliopinda.

Mimi mwenyewe nilianza na fimbo. Wiki tatu nzima sikugusa chuma, na wakati ule niliona ninacheleweshwa, lakini leo sianzi na mwanafunzi yeyote kwa njia nyingine. Hata wanaojifunza unyanyuaji wa mashindano ya Olimpiki, ambako chuma cha wanaume kina kilo 20 na cha wanawake kilo 15 kabla ya kuongezwa chochote, huanzishwa kwa fimbo au bomba la plastiki, kwa sababu mwili hukariri kile unachorudia. Ukirudia kosa mara 100 ukiwa na mzigo mzito, utakuwa umejifunza kosa hilo barabara.

Fanya hivi. Simama chuma kikiwa juu ya katikati ya nyayo zako, si juu ya vidole, maana yake ni kwamba kitakuwa sentimita tatu au nne tu kutoka kwenye miundi ya miguu. Inama kwa kusukuma nyonga nyuma mpaka mikono ikifikie chuma, kisha kunja magoti taratibu hadi miundi ikiguse, bila kukisogeza chuma. Hapo ndipo nyonga zako zinapopaswa kubaki, na kwa mtu mwenye mapaja marefu zitakuwa juu zaidi kuliko za mwenye mapaja mafupi. Nadhani hiyo ndiyo sababu video zako zinapingana: kila mmoja anaonyesha mwili wake. Toa kifua mbele, bana kwapa kana kwamba umeficha kitu ndani yake, jaza pumzi tumboni na uikaze, halafu isukume ardhi kwa miguu huku chuma kikipanda kando kabisa ya miguu. Ndoo ya maji ukiishika kwa mkono ulionyooshwa mbele inakuelemea kuliko ukiishika ubavuni, ingawa maji ni yaleyale, na chuma kinachotangulia mbele ya magoti hukufanyia vivyo hivyo kiunoni.

Neno moja la tahadhari: kubana pumzi namna hii hupandisha shinikizo la damu kwa muda mfupi, kwa hiyo mwenye tatizo la presha amwone daktari kwanza.

Nina swali pia. Kopo lenu lina upana gani? Naomba upime.

Mama wa Tanga amejibu:

Ndugu Karani, sikufundishwa na mkufunzi, nilijifunza pamoja na jirani yangu, nami naona jibu lililotangulia ni zuri ila limeanza mbali kidogo na tulipo. Huko kusukuma nyonga nyuma, ambako wanaume wengi wanakuona ni kugumu, wengi wetu tumekufanya tangu utotoni kwa kufagia uwanja kwa ufagio mfupi. Mtazame bibi anayefagia: magoti yamelegea kidogo, mgongo umenyooka kama ubao, na mwili wote umekunjika kwenye nyonga. Kuchuchumaa vilevile ni kwetu, tunafulia nguo hivyo, visigino vikiwa chini. Mtu aliyekaa kwenye kiti kwa miaka kumi amesahau tu, na kwake kazi ni kukumbuka.

Tulichofanya sisi kilikuwa hiki. Shika mpini wa fagio nyuma yako, uguse kisogo, mgongo wa juu na sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, kisha inama bila kuacha hata sehemu moja kati ya hizo tatu iachane na mpini. Ukiweza kufanya hivyo mara kumi, rudi kwenye chuma chepesi. Mwenzako akutazame, lakini atazame kosa moja tu kwa siku. Tulipokuwa tukisahihishana mambo matano kwa pamoja, hatukurekebisha hata moja, na ilituchukua mwezi mzima kuligundua hilo.

Usipopata mwenza, simu inatosha. Iweke ubavuni kwako, kwenye kimo cha nyonga, hatua tatu au nne hivi kutoka ulipo. Kioo cha mbele hakisaidii katika zoezi hili, kwa kuwa hakikuonyeshi mgongo, na ukigeuza shingo kujitazama ndipo unapojiharibia mkao.

Mtaalamu wa Viungo, Dodoma, amejibu:

Naongeza kwa upande wa afya tu. Maumivu ya kawaida ya kiuno kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki chache, na kutembea na kuendelea na shughuli nyepesi husaidia kuliko kulala kitandani. Lakini ukihisi maumivu yanateremka mguuni kupita goti, ganzi, au mguu kukosa nguvu, acha mazoezi ukachunguzwe. Ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au ganzi ikiingia sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Karani wa Morogoro ameandika tena:

Nawashukuru sana. Sina ganzi wala maumivu ya mguuni. Jioni ya leo nimejaribu mpini wa fagio na nimeshtuka, kwa sababu sehemu ya chini iliachana na mpini kabla mikono yangu haijafika magotini. Kopo nimelipima: upana wake ni sentimita 17. Mpaka sasa sijafahamu linahusianaje na kiuno changu.

Mkufunzi wa Pwani amejibu:

Linahusiana sana, ndugu yangu. Sahani kubwa za mashindano, yaani yale magurudumu ya uzito yanayovishwa pande mbili za chuma, zina upana wa sentimita 45, kwa hiyo katikati ya chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka ardhini. Cha kwenu kinakaa sentimita 8.5 tu. Unainama sentimita 14 zaidi ya mtu unayemtazama kwenye video, na kwa nyonga zilizokakamaa kama zako, masafa hayo yote yanatoka kwenye kiuno.

Laza tofali la saruji la inchi 6 chini ya kila kopo. Hapo utakuwa umepata takriban sentimita 15 na chuma kitakuwa karibu na kimo chake halisi. Juu ya kila tofali weka kipande cha tairi kuukuu ili kopo lisiteleze wala kupasuka, na ushushe chuma taratibu.

Jambo jingine, yapime makopo hayo kwa mizani ya muuza nafaka, moja moja kwa kadiri bomba litakavyoruhusu. Lita 4 za zege huwa na uzito wa kilo 9 na nusu hivi, lakini kokoto zikizidi upande mmoja, upande huo utakuvuta bila wewe kujua. Ulio mwepesi ufungie kifuko cha mchanga mpaka pande zilingane. Mifuko hiyohiyo ya mchanga, ya kilo moja moja, itakufaa baadaye kuongeza uzito kidogo kidogo. Kwa sasa fanya seti tatu za marudio matano, yaani unyanyue mara tano, upumzike, kisha urudie mpaka mizunguko itimie mitatu, mara mbili kwa wiki, na utuletee video ya ubavuni baada ya wiki ya pili.