Msaada: orodha ya kuburuta kwenye Flutter inaruka, inarudi nyuma, na mpangilio haukai

MsukaSkrini

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaoijua Flutter (zana za Google za kutengenezea programu) vizuri.

Natengeneza programu ya simu kwa madereva wanaosambaza mikate madukani. Kila asubuhi dereva anapokea orodha ya vituo 30 hadi 45. Anatakiwa aweze kushika kituo, kukiburuta juu au chini, na kukiacha pale anapotaka kukipitia. Nimetumia `ReorderableListView.builder`, orodha ya Flutter inayopangwa kwa kuburuta. Data zinakaa kwenye SQLite, kanzidata ndogo iliyo ndani ya simu, kisha mtandao ukipatikana zinakwenda kwenye seva.

Kinachonisumbua ni hiki. Kituo nikikiburuta kwenda juu kinatua sawasawa, lakini nikikipeleka chini kinapitiliza nafasi moja, na nikikiweka mwisho kabisa napata `RangeError` (kosa la namba iliyo nje ya orodha). Pia nikiachia kidole, kituo kinarudi kilikotoka kwa kufumba na kufumbua, ndipo kinaruka kwenda mahali pake papya. Alama ya tiki inabaki kwenye mstari wa zamani ilhali jina la duka limeshahama. Na kwa kuwa juu ya orodha kuna ramani ndogo, vyote nimeviweka ndani ya `SingleChildScrollView` nikatia `shrinkWrap: true` na `NeverScrollableScrollPhysics`, ili orodha yenyewe isisogee. Sasa nikiburuta hadi ukingo wa chini wa skrini, ukurasa hausogei.

Msimbo wenyewe:

```dart
key: ValueKey(index),
...
onReorder: (toka, kwenda) async {
  await hifadhi(toka, kwenda);
  setState(() {
    final k = vituo.removeAt(toka);
    vituo.insert(kwenda, k);
  });
}
```

Nawasilisha.

fundi_dart

Mkuu, nianze na hilo la kupitiliza, maana linawapata karibu wote wanaoanza na `onReorder`, funksheni inayoitwa kituo kikishaachiwa.

Namba ya pili unayopewa haihesabu vituo, inahesabu mianya iliyo kati ya vituo, na inahesabu kabla kituo ulichoshika hakijaondolewa. Orodha ya vituo 5, A B C D E, ina mianya 6, kuanzia 0 (juu ya A) hadi 5 (chini ya E). Ukimchukua A ukamweka kati ya C na D, unapewa 3. Ukishamwondoa A, wote waliokuwa chini yake wanapanda hatua moja na orodha inakuwa B C D E. Ukiingiza kwenye 3 hapo, A anaangukia baada ya D. Ukimpeleka mwisho unapewa 5 wakati orodha imebaki na vitu 4 tu, kwa hiyo `insert(5, ...)` lazima ilalamike. Kwenda juu hakuna shida kwa sababu kinachoondolewa kipo chini ya mwanya, hivyo mwanya hausogei.

Dawa ni mistari miwili kabla ya kugusa orodha:

```dart
if (kwenda > toka) kwenda -= 1;
if (kwenda == toka) return;
```

Huo mstari wa pili usiuache. Mtu akikishika kituo akakirudisha palepale, hakuna sababu ya kuandika kwenye kanzidata wala kuisumbua seva.

NyuziTatu

Kuhusu tiki inayobaki nyuma: kosa ni `ValueKey(index)`.

Flutter inapochora upya hulinganisha widgeti (vipande vya skrini) za zamani na mpya kwa kutumia key, kitambulisho cha kila kipande. Wewe umeiambia kwamba mstari wa 0 daima ni yuleyule, awe A au B. Kwa hiyo `State` (kumbukumbu) ya mstari wa 0, yenye tiki ndani yake, inabaki pale pale na kupewa jina jipya la duka. Weka `ValueKey(kituo.id)`, key ifuate kituo na isifuate nafasi.

Njia mbili zinazoonekana kusaidia, nazo zinaharibu:

- `UniqueKey()` ndani ya `itemBuilder`. Kila mchoro unazaa key mpya, `State` zote zinatupwa, na kuburuta kunaweza kukatika katikati.
- `ObjectKey(kituo)`. Inafanya kazi hadi siku utakaposoma upya kutoka SQLite ukapata vitu vipya vyenye data zilezile. Hapo key zote zinakuwa ngeni.

Halafu, hiyo tiki kwa nini inakaa kwenye `State` ya mstari? "Kimepelekwa" ni habari ya kituo, ikae kwenye kituo. Mstari ukitoka nje ya skrini orodha ya builder inaweza kuuvunja, na tiki itapotea hata bila mtu kuburuta chochote.

fundi_dart

Sasa kurudi nyuma kisha kuruka. Ukiachia kidole, Flutter inakipeleka kituo kwenye mwanya wake kwa mwendo wa milisekunde 250, halafu inaita funksheni yako. Kuanzia hapo inategemea orodha yako iwe imeshabadilika katika mchoro unaofuata. Wewe umeweka `await` (inayosubiri uandishi uishe) mbele ya `setState` (inayobadilisha orodha na kuichora upya), basi mchoro unaofuata unakuta mpangilio wa zamani na kuuonyesha. SQLite ikimaliza, ndipo orodha inabadilika. Kama unasoma moja kwa moja kupitia `StreamBuilder` au `FutureBuilder`, widgeti zinazochora data zikishafika, utapata mruko uleule hata bila `await`, kwa sababu taarifa mpya inachelewa kufika.

Badilisha kumbukumbu kwanza, andika baadaye:

```dart
void panga(int toka, int kwenda) {
  if (kwenda > toka) kwenda -= 1;
  if (kwenda == toka) return;
  final nakala = List.of(vituo);
  setState(() => vituo.insert(kwenda, vituo.removeAt(toka)));
  hifadhi(vituo).catchError((_) {
    if (mounted) setState(() => vituo = nakala);
  });
}
```

Mwanakanzidata

Hapo kwenye `nakala` naomba nipinge, mkuu fundi_dart. Dereva akihamisha kituo cha kwanza, na kabla hakijaandikwa akahamisha cha pili, uandishi wa kwanza ukigoma utarudisha nakala ya kabla ya yote mawili. Uhamisho wa pili umefutika kwenye skrini ilhali kwenye kanzidata upo. Salama zaidi: uandishi uende kwa foleni, mmoja baada ya mwingine, na ukigoma usome upya kutoka SQLite uchore kile kilichopo kweli.

fundi_dart

Kweli kabisa, nakubali. MsukaSkrini, fuata hiyo ya kusoma upya, achana na nakala yangu.

kando_ya_skrini

Ukurasa hausogei kwa sababu kijiendeshaji cha ukingoni (kinachosogeza orodha kidole kikifika ukingoni) hukisukuma kile kisogezwa kilicho karibu zaidi na orodha, yaani orodha yenyewe, na wewe umeizuia isisogee. `SingleChildScrollView` ya nje haipati habari yoyote.

Kwa hali yako suluhisho ni dogo: ondoa `SingleChildScrollView`, ondoa `shrinkWrap` na hiyo physics, kisha ramani iweke kwenye `header:` ya `ReorderableListView.builder`. Itasogea pamoja na orodha, haitaburutika, na haihesabiwi kwenye namba za `onReorder`. Ipo na `footer:` ukiitaka.

Ukija kuwa na sehemu nyingi kwenye ukurasa mmoja, hamia `CustomScrollView` yenye `SliverReorderableList`. Ila jua mambo mawili kabla. Kwanza, sliver hiyo (kipande cha ukurasa unaosogezwa) haiburutiki yenyewe; kila mstari lazima uufunge kwa `ReorderableDragStartListener` au `ReorderableDelayedDragStartListener`, na unaipa `index` ya sasa, si id. Pili, kituo kinachoburutwa huchorwa kwenye `Overlay`, tabaka lililo nje ya ukurasa wako, na sliver haikiwekei `Material`, widgeti ya nyuma ambayo `ListTile` huihitaji. Ukitumia `ListTile` utaona "No Material widget found" pale tu unapoanza kuburuta. Kifunge kwa `Material` kwenye `proxyDecorator`, funksheni inayopamba kituo kinachoburutwa. Hata kwenye `ReorderableListView` ya kawaida, ukiandika `proxyDecorator` yako umeifuta ile ya asili yenye `Material` na kivuli, basi irudishe wewe mwenyewe.

MsukaSkrini

Asanteni sana wakuu. Kupitiliza kumeisha, tiki inahama, ukurasa unasogea. Yamebaki matatu:

1. Nikianza kuburuta napata `ProviderNotFoundException`, ingawa orodha ikiwa imetulia hakuna kosa.
2. Madereva wanabonyeza kituo kukifungua, wengine wanashikilia muda mrefu kidogo, kinanyanyuka bila wao kutaka.
3. Kwenye SQLite nina safu ya `nafasi` yenye `UNIQUE` (namba zisijirudie). Nikiongeza moja kwa vituo vyote vya chini, wakati mwingine inagoma. Na ofisini wanaweza kuongeza kituo wakati dereva naye anapanga.

kando_ya_skrini

La 1 ni mtoto wa jambo lilelile la `Overlay`. Provider yako (kifurushi kinachogawia widgeti data) imewekwa ndani ya ukurasa, na kituo kinachoburutwa kimetoka nje ya ukurasa huo, kwa hiyo kikipanda juu kuitafuta hakiioni. Rangi na maandishi ya mandhari Flutter huvibeba, Provider haiibebi. Chagua moja: mpe mstari data zake kupitia konstrakta usiitafute Provider ndani yake (ndiyo ninayoipendelea), au ipandishe Provider juu ya `MaterialApp`, au iingize tena kwa `Provider.value` ndani ya `proxyDecorator`.

La 2: kwenye Android na iOS, orodha hii kwa kawaida hunyanyua mstari mzima baada ya kushikiliwa kwa milisekunde 500. Kwa mtu anayesoma jina la duka huku kidole kiko juu yake, huo ni muda mfupi. Weka `buildDefaultDragHandles: false`, kisha kishikio pembeni:

```dart
trailing: ReorderableDragStartListener(
  index: index,
  child: const SizedBox(
    width: 48, height: 48,
    child: Icon(Icons.drag_handle),
  ),
),
```

Hiki kinanyanyua mara moja, bila kusubiri. Vipimo 48 kwa 48 usivipunguze. Ikoni yenyewe ni 24 tu na dole gumba linaikosa. Usiposema `false`, ukija kuitoa programu kwenye wavuti au kompyuta utaona vishikio viwili, chako na cha Flutter. Ongeza pia `onReorderStart: (_) => HapticFeedback.mediumImpact()`, ili mkono ujue kituo kimeshikwa hata jua likiwa linapiga skrini.

Mwanakanzidata

La 3 nalichukua.

SQLite hukagua `UNIQUE` mstari kwa mstari wakati `UPDATE` inaendelea, haisubiri amri imalizike. `SET nafasi = nafasi + 1` ikianza na mstari wa 4, unakuwa 5 wakati 5 bado ipo, inagoma. Ikianzia upande wa pili, inapita. Ndiyo maana unasema "wakati mwingine". Iondoe `UNIQUE`, panga kwa `ORDER BY nafasi, id` ili nafasi zikifanana orodha isibadilike kila inaposomwa.

Kwa vituo 45 ndani ya simu moja, ningeandika upya namba zote kuanzia 0, lakini ndani ya muamala mmoja, yaani zote ziandikwe kwa pamoja au zisiandikwe kabisa. Ukiandika 45 mbalimbali, kila moja inasubiri hifadhi ithibitishe na utaona skrini inasita.

Seva ni habari nyingine, kwa kuwa watu wawili wanapanga. Hapo tumia mapengo: vituo vipewe 1024, 2048, 3072 na kuendelea, na kinachohamishwa kinapewa wastani wa majirani zake wawili. Unaandika mstari mmoja tu. Pengo la 1024 linavumilia kugawanywa mara 10 mahali palepale, baada ya hapo hakuna namba nzima iliyobaki kati na unapanga upya zote.

NyuziTatu

Kwa nini asitumie namba za desimali, aepuke kupanga upya?

Mwanakanzidata

Hataepuka, ataahirisha. Namba ya `double` kati ya 1 na 2 inagawanyika mara 52 kuelekea upande mmoja, kisha wastani unakuwa sawa na jirani na vituo viwili vinagongana kimyakimya. Namba nzima ikiisha, unaiona. Wengine hutumia maandishi: kati ya "a" na "b" unaweka "an", na unaweza kuendelea bila kikomo kwa kurefusha. Ni njia nzuri, ila upangaji uwe wa baiti kwa baiti pande zote mbili. SQLite kwa kawaida iko hivyo. Kanzidata ya PostgreSQL yaweza kufuata kanuni za lugha na kuchanganya herufi kubwa na ndogo kwa namna nyingine, basi safu hiyo ipe `COLLATE "C"` ili ipangwe kwa baiti.

Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote hayo: usiipelekee seva ujumbe wa "kutoka 7 kwenda 3". Ofisi wakishaongeza kituo juu, 7 ya dereva si 7 ya seva. Tuma id ya kituo kilichohama na id ya kile kilicho juu yake. Hiyo inabaki na maana hata orodha ikiwa imebadilika njiani.

Onyo hilohilo lipo kwenye sehemu ya kutafuta. Dereva akichuja orodha kwa jina la mtaa, `index` ni ya orodha iliyochujwa. Zima kuburuta wakati wa kuchuja.

kando_ya_skrini

Nyongeza moja. Kutoa kituo cha 40 hadi cha kwanza kwa kuburuta ni kazi ngumu, na kwa mwenye kutetemeka mkono au mwenye glavu haiwezekani. Mwongozo wa ufikivu wa W3C (shirika la viwango vya wavuti), WCAG 2.2, uliotoka Oktoba 2023, kifungu 2.5.7, unataka kila kinachofanywa kwa kuburuta kiwe na njia nyingine ya kugusa tu. Weka menyu kwenye kila mstari: peleka juu, peleka chini, peleka mwanzo, peleka mwisho. Ziite funksheni ileile ya ndani inayohamisha, lakini ukiipa namba halisi ya mahali kituo kinapotua; marekebisho ya `-= 1` yabaki ndani ya `onReorder` peke yake, la sivyo "peleka chini" haitafanya chochote.

Kwa wanaotumia TalkBack (kisoma skrini cha Android kwa wasioona), `ReorderableListView` tayari inatoa vitendo hivyo vinne. Ukiweka `flutter_localizations` na locale ya `sw`, vinasomwa kwa Kiswahili.

MsukaSkrini

Shukrani. La mwisho: jaribio langu la kupima msimbo, la `tester.drag`, linapita bila kuhamisha kitu.

fundi_dart

Kama bado unatumia kushikilia, `drag` haisubiri, inasogeza orodha tu. Tumia `startGesture` katikati ya mstari, kisha `pump(kLongPressTimeout + kPressTimeout)`, `moveTo` kwenda chini kidogo ya nusu ya mstari unaolengwa, `pump`, `up`, na `pumpAndSettle`. Kwa kishikio chako kipya, anzia katikati ya ikoni na usubiri hauhitajiki. Pima kesi tatu: kwenda juu, kwenda chini, na kwenda mwisho kabisa.