Choya badala ya methili oranji: tunafundisha kemia au tunapika?

Mwl. Ndimu: Wadau, nina watoto 74 kidato cha pili na bureti mbili (mirija ya kupimia yenye koki), moja imekatika ncha. Wiki jana nilichemsha choya, ile rozela ya juisi nyekundu, nikaigawa kwenye vikombe vya plastiki badala ya methili oranji, dawa ya maabara inayobadili rangi kwenye asidi na besi. Ndimu ikaifanya nyekundu kama damu. Magadi yakaipeleka zambarau, bluu, kijani, mwisho njano. Kelele zilimtoa mkuu wa shule ofisini. Naomba kuuliza: hii inatosha? Maana kidato cha nne baraza la mitihani NECTA watawakabidhi bureti, si kikombe.

Bureti Moja: Haitoshi. Asidi na besi choya itakuonyesha, ila kwenye titresheni (kudondosha asidi kwenye besi tone kwa tone mpaka zimalizane) rangi inajivuta tu, mtoto hajui afunge koki saa ngapi. Methili oranji tone moja imegeuka. Huo umama lishe tuwaachie walimu wa arts.

Mama Baiolojia: Mama lishe ndiye aliyenisomesha mimi mpaka chuo. Chunga maneno.

Bureti Moja: Dada, sijamtaja mama yako. Nimetaja choya.

Mama Baiolojia: Umeandika "umama lishe". Panda juu ujisome.

Mwalimu wa Historia: Na arts tumeingiaje hapa? Nilikuwa napita tu.

Kijiti cha Kiberiti: Jikoni ndiko tulikojulikana duniani, Bureti. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuwa anatengeneza aiskrimu alipoona maziwa ya moto yameganda kabla ya yaliyopoa.

Baridi ya Lushoto: Shule ya Magamba, siyo Mkwawa! 1963, kidato cha tatu, huku kwetu. Alikuwa anawahi nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa bila kuyapoza. Mkwawa alikwenda baadaye, ndiko alikomuuliza Dk. Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar, wenzake wakamcheka. Makala yao wawili ikatoka 1969. Iringa mna mambo yenu mengi, hili tuachieni.

Bureti Moja: Mwalimu aliyemwambia hiyo ni "fizikia ya Mpemba" mimi simlaumu. Watu wamerudia jaribio lile mara ngapi, wengine hawalipati kabisa.

Kijiti cha Kiberiti: Humlaumu! Mtoto kaona kwa macho yake, mwalimu anamdhihaki darasa zima, wewe unapiga makofi. Wanafunzi wako nawahurumia.

Bureti Moja: Wanafunzi wangu wanafaulu. Wako je?

Mwl. Ndimu: Jamani, choya…

Zamu ya Usiku: Ndimu subiri kidogo. Mimi nimelifanya hilo jaribio kwenye friza ya jirani anayeuza barafu. Vikombe viwili, maji sawasawa, cha moto kilitangulia. Mara mbili kati ya tatu.

Bureti Moja: Kipimajoto ulikizamisha kina gani? Vikombe vyote sawa? Kikipishana kidogo tu, kimoja kinasoma maji ya juu, kingine ya chini, umeshapata "ugunduzi".

Zamu ya Usiku: Kipimajoto sikuwa nacho. Nilikuwa nabonyeza kwa kidole.

Bureti Moja: 😂😂 Kidole!

Mama Baiolojia: Cheka tu. Tatu zote angeziandika angekuwa ameshatuzidi sisi tunaosubiri vifaa. Zamu, friza ilikuwa na barafu chini? Kikombe cha moto kinaiyeyusha, kinakaa vizuri kwenye chuma. Weka ubao chini ya vyote viwili halafu urudie.

Zamu ya Usiku: Barafu ilikuwepo, nene. Ubao sikuweka. Jumamosi narudia, ila jirani anataka buku la umeme.

Baridi ya Lushoto: Naongeza mia tano. Tumia maziwa.